Siku Shangazi Tabitha Aliponiita

Mwaka nilioingia darasa la tatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, shangazi yangu Tabitha alianza kusikia mtoto akilia katika nyumba ambayo haikuwa na mtoto mchanga. Tuliishi naye Waithaka, pembezoni mwa jiji, katika nyumba ya mabati ya vyumba vitatu. Shangazi, dada mdogo wa baba, alikuwa akishona nguo katika duka la Mhindi mmoja mjini. Mwanawe Danieli alikufa akiwa na wiki sita. Tulimzika, watu wakarudi makwao, na yeye akarudi kwenye cherehani yake.

Siku moja yule mwenye duka, mzee mpole, alimleta mwenyewe kwa gari. "Anaacha kushona anakimbia nje," akamwambia baba. "Anasema mtoto wake analia ng'ambo ya barabara. Mimi naogopa atagongwa na gari."

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alisema ni pepo, akaita waumini, wakamwombea shangazi hadi sauti zikawakauka. Nyanya naye akaja kutoka Bungoma na kusema hapana: mtoto alistahili kupewa jina la babu yetu marehemu, hakupewa, na sasa babu anaita. Akanikalisha jikoni.

"Nekesa, ukisikia jina lako na humwoni anayeita, usiitike. Shangazi yako aliitika. Sasa wafu wanaweza kukuita hata kwa sauti yake."

Nilimwamini. Nyanya hakuwahi kunidanganya.

Wiki ile ile, mama akiwa sokoni, baba na Nyanya walikwenda mjini kutafuta tiketi za treni ili shangazi apelekwe nyumbani Bungoma. Walimfungia chumba cha nyuma asije akakimbilia barabarani, nami nikaachwa nje kumwangalia. Saa sita mabati yalikuwa yanalia kwa joto la jua.

"Nekesa," akaita. "Nekesa mama, niletee maji."

Mtungi ulikuwa karibu nami. Dirisha lake lilikuwa na nafasi ya kupitisha kikombe. Sikusogea.

"Nekesa, uko? Najua uko. Nasikia viatu vyako."

Nikavua viatu.

Aliita muda mrefu, kisha akapiga mlango, kisha akanyamaza. Baba alipofungua saa kumi, shangazi alishika kikombe kwa mikono miwili akanywa, akaomba kingine, akaomba cha tatu. Kisha akanitazama. Baba aliketi sakafuni karibu naye, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza. Kesho yake alimpeleka hospitali, waumini wakinung'unika na Nyanya akisusa chakula.

Daktari naye aliupa ugonjwa jina lake. Dawa zilipunguza kile kilio, lakini mikono ilibaki ikitetemeka, na shangazi hakushona tena. Mwishowe Nyanya alirudi naye Bungoma.

Sasa mimi ni mtu mzima na siwacheki wazee wangu. Walimpenda. Ila naona kila mmoja alihangaika kujua ni nini kimemshika, kwa sababu hilo lilikuwa jepesi kuliko kuketi naye katika msiba wake.

Nikiwa chuo cha ualimu nilikwenda kumwona. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia, "Shangazi, siku ile nilikusikia."

"Najua," akasema. "Ulikuwa mtoto." Akachambua kidogo. "Lakini nilikuwa na kiu sana."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha. Badala yake nikamwuliza Danieli alifanana na nani.

Aliweka ungo chini. "Masikio yalikuwa ya baba yako kabisa," akasema, na akaanza kunisimulia: alivyokuwa akipiga chafya akiogeshwa, alivyolala ngumi zikiwa zimekunjwa. Alisimulia hadi kuku wakaingia bandani. Miaka ile yote, katika ukoo wetu mzima wenye maombi na maneno mengi, hakuna aliyekuwa amemwuliza.