Mkono wa Babu Kwenye Mashine ya Randa

Enzi zetu, mtoto aliyempita mtu mzima bila kumsalimia alikuwa amejitafutia fimbo mbili: moja ya yule mzee papo hapo, nyingine ya mama, kwa sababu habari ilifika nyumbani kabla yako. Wenzangu tuliokulia upande wa Ngong Road mwanzoni mwa miaka ya sabini mnanielewa. Ungekuwa katikati ya mchezo wa kati, mpira unakuja usoni, lakini mzee akitokea ulisimama, ukainamisha kichwa, ukatoa mkono. Mpira ukikupata wakati unasalimia, umetoka mchezoni, na hakuna aliyekuhurumia.

Ni mahali pamoja tu ambapo mambo yalikuwa kinyume, napo ni karakana alipofanya kazi baba, nyuma ya River Road. Likizo zikifika nilimpelekea githeri, mahindi na maharagwe yake, kwenye mkebe uliofungwa kitambaa. Nilipenda harufu ya mvule pale, na maranda yaliyojikunja tuliyoyabandika kichwani mimi na dada zangu tukajiita mabibi wa mjini. Baba aliendesha mashine ya randa, ile yenye meza ndefu ya chuma na visu vinavyozunguka katikati, inayonyoosha ubao uliopinda. Sheria zake tulizijua kama sala. Saa inavuliwa, mikono ya shati inakunjwa mpaka juu ya kiwiko. Ubao mfupi haupelekwi kwenye visu. Kiganja hakipiti juu ya visu hata siku moja, ubao unasukumwa kwa kibao chenye kishikio. Na kubwa kuliko zote: mtu aliye kwenye randa hasalimiwi, na akisalimiwa haitikii, mpaka azime mashine na visu vitulie.

"Barasa aliitikia 'mzima' moja tu," baba alikuwa akituambia, "na vidole viwili vikaenda."

Barasa alikuwa fundi mwenzake. Nilipomjua mimi alikuwa akifagia karakana.

Basi mama akajifungua mtoto wa kiume, akapewa jina la babu, baba yake mama. Babu akafunga safari kutoka magharibi kuja kumwona wajina wake. Mama alikuwa bado hana nguvu, kwa hiyo nilitumwa mimi kumpokea kituoni asubuhi na kumpeleka karakana, ili baba aombe ruhusa atulete nyumbani. Babu alishuka na koti lake zito, kofia, na kuku kwapani. River Road nzima aliisalimia. Wenye maduka ya misumari, wabeba mizigo, hata watu waliokuwa wakigombana, wote walipewa mkono, na wengine walishangaa wakadhani anauza huyo kuku.

Tulipoingia karakana, baba alikuwa ndio ameanza kupitisha ubao mrefu wa mvule. Babu alinipa kuku, akavua kofia, akaenda moja kwa moja na kunyoosha mkono.

"Mulembe, mkwe wangu!"

Nilikuwa naijua sheria, lakini mtoto gani wa siku zile angemwambia babu yake asisalimie? Baba alimwona. Niliona macho yake yakiinuka mara moja, yakarudi kwenye ubao, akaendelea kusukuma. Mashine inalia, mkono wa babu uko hewani, mafundi wote wameacha kazi wanatazama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilimwonea babu aibu, nikamwonea baba, nikajionea na mimi niliyekumbatia kuku katikati yao.

Ubao ukaisha. Baba akazima, akangoja visu vitulie, kama kawaida yake. Alipogeuka akijipangusa mikono, babu alishavaa kofia na yuko mlangoni.

"Baba, nisamehe, mashine ilikuwa inazunguka."

"Mimi nilikuja kuona jina yangu," babu akasema kwa upole uliotisha kuliko kelele. "Nimeona iko kazi mingi hapa. Endelea tu, mwanangu."

Baba alimfuata mpaka kituoni akimbembeleza mbele za watu. Babu aliketi pale mpaka basi la jioni, akalipanda bila kuonja maji ya nyumbani kwetu wala kumwona mtoto. Mama alituona tumerudi na kuku bila babu. Aliingia chumbani akalia. Kwa miezi kadhaa nyumba yetu ilikuwa na aibu kama nyumba iliyoiba, na jina la yule mtoto tulilitamka kwa sauti ya chini.

Desemba ilipofika, tulipanda basi usiku kucha kwenda kuomba msamaha. Tulimkuta babu uani akipukuchua mahindi, wajomba wote wameketi. Baba alienda mbele yake, akainama, akatoa mkono. Babu hakuinua macho. Alipukuchua gunzi lile taratibu, punje kwa punje, mpaka likabaki jeupe, na baba ameinama vile vile, mkono umenyooshwa, jasho linamtoka mbele ya wakwe zake. Mimi nilitazama miguu yangu. Kisha babu akaweka gunzi chini, akajipangusa, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilikuwa kwenye mashine," akasema. "Sasa nipe mtoto."

Wajomba walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba alicheka pia, lakini machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Siku hizi vijana wangu wanaingia nyumbani macho kwenye simu. Nasema karibuni, wananijibu "poa" bila kuinua kichwa, wala sioni kisu chochote hapo cha kuwakata. Wakiondoka wananitumia kidole gumba kwenye simu, eti ndiyo kwaheri. Hawaoni aibu, na mimi nimechoka kuwaonea hiyo aibu. Kinachoniuma si kunyimwa mkono. Ni kujua kwamba nikiondoka kwa hasira leo, hakuna atakayepanda basi usiku kucha kunifuata.