Debe la Kufunikia Ua la Mama

Enzi zetu, sisi tuliokula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, mtoto hakuulizwa anajisikiaje. Aliulizwa kama amechota maji. Asubuhi mchakamchaka, mchana shamba la pamba la shule, halafu tunarudi nyumbani Kirumba, Mwanza, na vumbi hadi kwenye kope. Jioni kila mmoja alikuwa na kazi yake. Wenzangu walishuka na mbuzi kutoka kwenye majabali, au walipanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika. Mimi nilifunika ua. Usicheke.

Mama alizaliwa Makete, huko juu ambako mwezi wa Juni umande huganda kuwa barafu, na majani huungua kwa baridi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Baba alipohamishiwa Mwanza kwa kazi ya reli, bibi alimpa mama shina moja la ua la kwao, ambalo huchanua wakati wa kipupwe. Mwaka uliofuata bibi akafa. Barua ya msiba ilitufikia baada ya wiki tatu, kwa hiyo mama hakumzika mama yake. Alibaki na lile shina tu, nyuma ya nyumba, chini ya jabali, majani marefu kama ya kitunguu. Miaka mitatu halikuchanua.

Si kwamba halikutunzwa. Kila kipupwe, jua likizama ziwani, nililifunikia debe la mafuta ya taa lililokatwa mdomo, nikalizungushia nyasi kavu, asubuhi nikalifunua. Kwao walifanya hivyo ili barafu isiliue. Kwamba Mwanza haijawahi kuona barafu ila ya kuwekea samaki, hilo mama hakutaka kulisikia. "Baridi ni baridi," alisema, huku akijifuta jasho kwa kanga. Tena kwao mwenye ua halitazami mpaka lichanue. Mtoto wa nyumba ndiye huliangalia na kumpelekea habari. Habari zangu zilikuwa zilezile: majani.

Sasa, balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Bwire, mtu wa Nansio, mwenye tumbo la kutangulia na daftari la kufuatia. Siku moja mwanzoni mwa Juni alipiga hodi. Nikamwamkia kwa sauti iliyoishia kwenye vidole vyangu vya miguu, maana nilikuwa na aibu hata mbele ya kuku.

"Mama Eliza, siasa ni kilimo. Hili jani lako limezaa nini?"

"Ni ua, balozi."

"Linakunywa maji, halizai, halichanui. Mama Eliza, hilo ni kupe! Mnyonyaji kabisa!"

"Basi na jogoo wako ni kupe. Mwaka wa ngapi huu hajataga?"

Majirani walicheka, na hapo ndipo mama alipoharibu. Balozi aliyechekwa ni balozi hatari. "Sabasaba ikifika halijachanua," alisema, "naling'oa mwenyewe, napanda mihogo."

Usiku ule mama hakula.

Wiki ileile mwalimu wa gwaride akatuagiza kila mtoto aje na kitu cha kupiga kama ngoma. Nyumbani hatukuwa na ngoma. Nikabeba debe, nikijua jioni nitalirudisha. Jioni mwalimu akasema, "Vyote vinabaki stoo mpaka Sabasaba." Mtoto mwingine angenyoosha mkono. Mimi kunyoosha mkono kulinitoa jasho hata nilipotaka kwenda chooni.

Kwa hiyo nikawa mwongo. Kila jioni nilikwenda nyuma ya nyumba, nikagonga mfuniko wa sufuria kwenye jabali, gong, gong, ili mama adhani ni debe, nikarudi. "Nimefunika, mama." Ua likalala nje, likipigwa na upepo wa ziwa. Mimi nikalala macho, nikiona limekufa, na mama hana tena mahali pa kumlilia mama yake.

Wiki ya tatu nikaona kikonyo kimechomoza katikati ya majani. Badala ya kuruka kwa furaha, niliogopa. Nikisema, mama atakuja kuona, na debe halipo. Nikaendelea kupeleka habari: majani.

Sabasaba asubuhi, Mzee Bwire akaja na jembe begani na pingili za mihogo kwapani. Mama alikaa jikoni akikoroga uji ambao ulikuwa umeiva zamani. Balozi akazunguka nyuma ya nyumba. Kisha tukasikia, "Mama Eliza! Njoo uone mwenge!"

Ulikuwa mwenge kweli, mwekundu juu, wa njano chini, umesimama wima mbele ya lile jabali. Balozi alikuwa amevua kofia. Mama alipiga magoti, akashika kikonyo kwa mikono miwili, akaita, "Mama." Basi. Debe hakuliulizia.

Mzee Bwire alitangaza mkutanoni kwamba kwenye nyumba kumi zake hata maua yameelewa siasa.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa mzee, nilimwungamia.

"Nilijua," akasema. "Debe halilii kama mfuniko wa sufuria."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimechoka kulilinda, mwanangu. Nikasema, life au lichanue."

Leo nawatazama wajukuu zangu. Wanavalishwa sweta katika jua la Mwanza, wanabebwa kwa gari hadi mlango wa darasa, wakipiga chafya mara mbili picha inatumwa kwa ukoo mzima. Mezani kwao kuna maua ya plastiki, yanafutwa vumbi kila Jumamosi. Natamani kuwaambia wazazi wao waondoe debe. Ila aibu haijaniisha.

Mama hayupo. Ua lipo palepale chini ya jabali, halifunikwi, na kila kipupwe linawaka. Likianza kutoa kikonyo, nachukua mfuniko, nagonga jabali mara mbili.

"Bibi, unafunika nini?" wajukuu wananicheka.

Nawajibu, "Nampelekea mama habari."