Mtiririko Kando ya Doa la Jua

Siku yangu ya kwanza kazini nilionyeshwa jua kwenye kompyuta, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Nimetoka Minjila, ambako jua ni la bure, nikavuka bahari kwenda kulitazama gizani! Nilicheka. Hapakuwa na wa kucheka naye, na kwa miaka mingi hali ikabaki hivyo hivyo.

Vijana mnaouliza tulivyofanya kazi, sikilizeni. Korona ni tabaka la nje la jua, lenye gesi ya moto mno iitwayo plazima. Mwanga wake wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, haufiki ardhini, kwa hiyo chombo hukaa angani na kuuchambua uwe mistari. Mstari ukisogea upande wa buluu, gesi inatujia. Ukisogea upande wa nyekundu, inatukimbia. Taabu ni kwamba chombo chenyewe hupata joto na kupoa kila kinapoizunguka dunia, na mistari husogea hata gesi ikiwa imetulia. Mkuu wa Kitengo, mtu mkavu asiyejua salamu, alikuwa na swali moja tu: "Umepima jua, au umepima joto la chombo?"

Mkataba wangu ukielekea ukingoni, doa kubwa lilitokea katikati ya uso wa jua, na gesi ilionekana kutiririka kando yake. Pale katikati ndipo pazuri pa kupimia, maana gesi inakuja moja kwa moja kwetu. Baada ya siku chache jua lingezunguka na kulipeleka doa pembeni. Wiki hiyo hiyo mama akaugua. Nilimpigia simu kumwambia narudi.

"Unaacha kazi gani?" akauliza.

Nikamweleza kwamba doa linageuka, na likishaenda halirudi vile lilivyo.

"Basi hiyo ni kama ng'ombe anazaa," akasema. "Haiachwi. Kaa na yeye mpaka azae. Mimi niko."

Nikakaa. Nilipima, nikaondoa athari ya joto, nikapima tena. Mkuu aliitazama mistari, kisha akasema, "Hili ni jua." Nilikimbilia simu. Alipokea dada yangu Halima. Mama alikuwa amezikwa asubuhi ile.

Mkataba uliongezwa, nikazeekea mle chumbani. Wakuu walikuja wakaenda, vyombo vikawa bora. Kila nilipopata matokeo mazuri nilikosa wa kumpigia, na jambo hilo liliniuma kuliko baridi ya kule.

Sasa nimestaafu, naishi Garsen kwa Halima. Juzi tukinywa chai akaniambia, "Mama mwisho-mwisho alikuwa anaweweseka. Anauliza tu, 'Ng'ombe amezaa?' Na sisi wakati huo hatukuwa na ng'ombe mwenye mimba hata mmoja."

Nilitoka nje uani, jua la saa sita likiwaka, nikalia waziwazi.

"Amezaa, mama," nikasema.