Walivyowachanganya Perege Wetu na Sato

Siku ya kwanza kazini, kwenye mabwawa ya samaki ya serikali juu kidogo ya Olmotonyi, nilifika na sketi niliyomalizia kidato cha nne. Mkuu wa kituo, tuliyemwita Bibi Samaki, akanitupia buti. "Shikamoo yako nimeipokea. Sasa ingia majini."

Ndiye aliyenifundisha kuwatunza perege, samaki wadogo wa asili wa chemchemi za Meru. Bwawa lao lilikuwa peke yake, mlango wa maji umezibwa kwa wavu mwembamba. Kila msimu tulileta madume kutoka chemchemi nyingine, ili ndugu wasizae na ndugu wakatoa vifaranga dhaifu.

"Kwenu mnaoana ukoo mmoja?" aliniuliza.

"Hata kidogo!"

"Basi na hawa wana adabu zao."

Kuchanganya damu za chemchemi mbalimbali ndiyo ilikuwa kinga yao. Ugonjwa ukiingia, hauwamalizi wote.

Likaja soko huria. Maji ya chemchemi yakavutwa kwa mipira kwenda mashamba ya maua, chemchemi zikakauka. Perege wakabaki bwawani kwetu tu. Kituo kikauzwa, Bibi Samaki akastaafishwa, akaja Meneja. Akaleta sato, samaki wakubwa wa ziwani, akaamuru tutoe wavu tuwamwage humohumo kwa perege.

"Meneja, watazaliana! Tutapata machotara, perege watakwisha."

"Najua, Mama Neema. Nimeyasoma hayo. Mteja hali ukoo, anakula minofu."

"Tuachie hata bwawa moja."

"Bwawa moja ni hasara. Wewe nyonyesha mtoto, biashara niachie mimi."

Neema alikuwa mgongoni kwangu. Niligoma kuugusa ule wavu. Wenzangu wakautoa, macho chini. Mimi nikaambiwa nimepunguzwa kazi. Huko ndiko kustaafu kwangu, na maziwa bado yananitoka!

Ninyi mnaosoma haya, asije mtu kuwadanganya kwamba perege walipotea wenyewe. Waliondolewa kwa amri, mchana kweupe, na mtu aliyejua anachofanya.

Juzi sokoni Moshono muuza samaki akaniita. "Dada, chukua perege wa kienyeji, wa Meru kabisa!" Nikamkunjua samaki mkia. Mistari myeusi, ile ya sato ambayo perege hana, imejaa mpaka ukingoni.

"Huyu siyo perege."

"Kwani perege yukoje?" Hakuwa akinitania. Alikuwa hajui.

Nikainamia beseni nimtafutie mmoja nimwonyeshe. Niligeuza mkia baada ya mkia, mpaka chini kabisa.

Hakuwemo.