Paneli ya mama Litapunga, kabari ya baba, na jua linalohama

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena, maana humu ndani kuna watu kila kitu kwao ni chai, yaani stori ya kutunga. Haya, wa chai ajimiminie, vikombe vipo. Mimi naeleza yaliyonikuta mwenyewe. Nimebadilisha jina la kaka yangu tu, asije akanipigia simu ya matusi.

Uzi unahusu solar. Ila kama umekuja kutafuta bei za paneli, umepotea njia mkuu, rudi jukwaa la biashara.

Kwanza mnijue. Mimi ni Msukuma wa Katavi. Wazee wetu waliteremka na ng'ombe kutoka Shinyanga wakati mimi bado nabebwa mgongoni, wakaweka mji Litapunga, kule Nsimbo. Nimekulia hapo, kati ya mazizi, mahindi na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ya majirani.

Sasa hivi niko kaskazini mwa Sweden. Kilichonileta huku ni ng'ombe hao hao. Nilikuja kwenye mafunzo ya ufugaji, mzee mwenye shamba akaona najua kukaa na mifugo, akanibakiza. Nakamua kwa mashine siku hizi. Baba alipoona video alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama ng'ombe wa hivyo bado wanaitwa kwa majina au kwa namba.

Turudi nyuma kidogo.

Nikiwa bado shule ya msingi, baba aliuza dume akanunua paneli, betri na taa. Nyumba yetu ikawa ya kwanza upande ule kuwa na mwanga wa kubonyeza. Watu walikuja kuchaji simu, wakikaa barazani wanapiga stori na mama huku wanamsaidia kubangua karanga. Kuna waliokuja simu zikiwa zimejaa, ili mradi tu wakae. Mama hakuwahi kumfukuza mtu.

Sasa sikilizeni utaratibu wa baba.

Nyumba yetu inatazama kaskazini. Kiangazi jua linaingia barazani mpaka linamfikia aliyekaa kwenye mkeka. Masika linahamia nyuma, upande wa jikoni. Baba hakuwa mtu wa kuongelea nyuzi wala tilt angle, ile pembe ya kuinamisha paneli, yeye alikuwa anaona tu jua limehama, basi na paneli inabidi ihame.

Paneli ilikuwa nyuma ya paa, sehemu inayoshuka kuelekea kusini, kwa sababu waya ulikuwa mfupi na betri ilikaa chumba cha nyuma. Juu aliifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili iweze kuinuka na kulala. Halafu akachonga kabari ya mti wa mninga.

Mwezi wa tano, mahindi yakishaingia ndani, anaegemeza ngazi, anapanda, anainua ncha ya chini ya paneli na kuitia ile kabari. Paneli inageuka kutazama kaskazini, inalifuata jua la kiangazi. Mvua za kwanza zikidondoka mwezi wa kumi na moja, anapanda tena, anachomoa kabari, paneli inalala kwenye bati. Kila mwaka. Kabari ikikaa chini, mama anaitumia kuzuia mlango wa ghala.

Sisi tulikuwa tunashikilia ngazi. Mimi kulia, kaka Mabula kushoto. Baba akiwa juu anaimba nyimbo za kilimo za Kisukuma, sauti mbaya kabisa wakuu, na bati linalia chini ya miguu yake. Akimaliza hashuki mara moja. Anasimama anaangalia mashamba, halafu anatuambia nani ng'ombe wake wameingia kwenye mahindi ya nani. Tulicheka sana siku zile. Nimekumbuka mno, hata sioni aibu kusema.

Haya, tuje Sweden.

Kibanda ninachokaa kiko mbali na nyumba kubwa, hakina umeme wa gridi. Mzee mwenye shamba akanipa paneli na betri, akaniambia jifungie. Mimi nikajiona fundi, mtoto wa fundi. Nikapanda juu, nikailaza vizuri, nikaigeuza kutazama kaskazini, kama ya nyumbani. Wala sikufikiria. Mikono yenyewe ilijua paneli inatazama kaskazini.

Ilikuwa inaelekea mwisho wa kiangazi chao, kwa hiyo siku za kwanza taa iliwaka. Kadiri miezi ilivyosogea ikawa inafifia. Nikalaumu betri. Nikalaumu waya. Nikalaumu mpaka kontrola ya chaji, nikaifungua na kuifunga.

Siku moja yule mzee akapita, akaangalia juu ya paa, akasimama. Akaniuliza kwa upole tu, huku amenyoosha mkono upande wa pili, "Jua si liko kule?"

Wakuu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Huku jua halipandi utosini hata siku moja. Linatembea upande wa kusini, na majira ya baridi linachungulia juu ya miti kidogo, linarudi kulala. Paneli yangu ilikuwa imelipa mgongo.

Tukaifunga upya ukutani, inatazama kusini, imesimama karibu wima. Mtaalamu wa humu ataniuliza kwa nini isimame hivyo. Kwanza jua liko chini, paneli inabidi ilitazame usoni. Pili, theluji haikai, inateleza yenyewe. Ikilala, theluji inaifunika kama blanketi na hupati kitu. Tatu, mwezi wa pili na wa tatu theluji ya chini inarudisha mwanga, paneli iliyosimama inaudaka. Kiangazi unailegeza, unailaza kidogo, na hapo umeme unamwagika, maana jua linakesha.

Ila nisiwadanganye. Mwezi wa kumi na mbili hata uisimamishe vipi, ni bure. Simu nilikuwa nachajia zizini, kwenye umeme wa mzee.

Ndipo nikagundua jambo moja. Miezi ile ile ambayo mimi niko gizani, kwetu Katavi ni mawingu na mvua. Na mwezi wa sita, mimi nikiwa na jua la kukesha, nyumbani ni kiangazi cheupe. Kwa hiyo mimi na wazazi tulikuwa tunaongea sana kiangazi, masika tunaishia kubipiana. Paneli yao imetazama kaskazini, yangu imetazama kusini. Nilimwambia baba hivyo, akasema, "Basi tunatazamana, mwanangu."

Baba alifariki mwezi wa nane mwaka juzi. Sikuwahi mazishi. Hapo sitaki kuandika sana.

Baada ya arobaini ndugu walikaa kikao. Mabula ana duka la vipuri vya pikipiki Mpanda mjini, ana vyumba, akasema mama akaishi kwake. Hoja yake ilikuwa na maana, mama anakaa peke yake, mguu unamsumbua, jirani hayuko karibu. Mama akagoma. Alisema hawezi kuliacha kaburi likiwa bichi, na karanga zake nani atapanda. Wakabishana, nami niko kwenye simu huku, nasikia nusu nusu.

Mwisho wakapatana hivi: mama abaki, lakini kila jioni simu yake ipatikane. Siku simu ikikata kabisa na isirudi, Mabula anakuja na gari, hakuna kujadili.

Najua mtu atasema mbona hukumtumia power bank. Nilituma, akampa mjukuu. Mwingine atauliza umeme wa gridi. Nguzo zimepita barabarani, kwa mama hazijafika.

Kiangazi kilichobaki mambo yalikwenda vizuri. Mvua zilipoanza, simu ikawa inapatikana leo, kesho haipatikani. Tukimuuliza anasema mtandao unasumbua. Mwezi wa kwanza ikazima moja kwa moja. Mabula hakumpigia hata mtu mwingine. Alikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akaenda.

Nilikuwa zizini mchana aliponipigia akiwa pale nyumbani. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa nje. Mama amekaa mlangoni, hasogei. Kabla hajaendelea kupakia nikamwambia, "Kaka, nakuomba kitu kimoja. Panda juu uangalie paneli."

Akanung'unika, lakini akapanda. Akaniambia imejaa matope na majani, na ile kabari bado ipo.

Mwezi wa kwanza, wakuu. Jua liko kusini, mawingu yametanda, na paneli bado imeinuliwa kutazama kaskazini kama mwezi wa saba. Mwanga kidogo uliokuwepo ulikuwa unapita pembeni.

Nikamwambia, "Ichomoe."

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mama. Aliinuka, mguu ule ule mbovu.

"Mabula, shuka! Usiiguse. Hiyo aliiweka baba yenu."

Mabula akaweka loudspeaker, akakaa pale pale juu ya bati.

Ndipo mama akaeleza. Ile kabari baba aliitia mwezi wa tano kwa mkono wake mwenyewe, na mwezi wa nane akaondoka. Nguo zake zimegawanywa, ng'ombe wamegawanywa, hata fimbo yake iko kwa baba mdogo. Kilichobaki kama alivyokiacha ni kile kipande cha mti juu ya bati. Fundi alikuja kutoka Sitalike wakati mvua zinaanza, mama akamrudisha. Alijua kabisa kwa nini simu inazima. Alijua pia kwamba ikizima atahamishwa. Alikuwa ameamua kukaa gizani na kabari yake, mpaka atakapochukuliwa.

Mimi machozi yalinitoka mbele ya ng'ombe wa watu. Nilitaka kumwambia mambo ya nyuzi na pembe, nikaona ni upuuzi. Nikamuuliza tu:

"Mayu, mama yangu, baba angekuwepo leo, hiyo kabari ingekuwa bado hapo?"

Nasikia kuku, nasikia dereva wa kirikuu anakohoa.

"Asingeiacha," akasema. "Mvua ya kwanza tu alikuwa anapanda. Hata chai alikuwa hamalizi."

Halafu akamwambia Mabula, "Haya, itoe. Taratibu. Na uifute hiyo paneli vizuri, baba yako alikuwa haachi tope."

Mabula akaichomoa, paneli ikalala. Sikuiona kwa macho ila bati nililisikia. Akaifuta kwa shati lake. Aliposhuka akasimama nayo mkononi, hajui aiweke wapi. Mtu mzima, ana watoto, ananiuliza mimi niliye Sweden eti aipeleke wapi.

Mama akaichukua mkononi mwake. Kwa maneno ya Mabula, aliigeuza geuza, akaipangusa kwa khanga, akaingia nayo jikoni. Tukadhani anaenda kuihifadhi. Akaitia motoni.

Mabula akapiga kelele, "Mama! Mwezi wa tano tutatumia nini?"

"Mwezi wa tano utakuja kuchonga yako," mama akajibu. "Sasa rudisha kitanda changu ndani, halafu ukae ule. Nasonga ugali."

Walikula, dereva naye akala. Kirikuu kikarudi Mpanda kitupu. Simu ya mama iliwaka baada ya siku chache, si kwa nguvu, mawingu ni mawingu, lakini jioni inapatikana.

Nilichojifunza kwa upande wa ufundi: nchi yetu yote iko kusini mwa ikweta. Kiangazi jua liko kaskazini, masika linarudi kusini, na kwa Katavi tofauti si kubwa, hivyo ukishindwa kupanda paa kila msimu ilaze tu, iinamie kaskazini kidogo sana, na uifute. Vumbi na moshi wa kuchoma mashamba vinaiba umeme kuliko unavyofikiri. Na usiige pembe ya paneli ya Ulaya uliyoiona mtandaoni, jua lao si letu. Wala usiwe kama mimi ukapeleka ya kwetu kwao.

Kwa upande mwingine, tulidhani kumheshimu baba ni kutogusa alichoacha. Mama ndiye aliyetutoa huko, na ndiye aliyekuwa amekishikilia kuliko sisi wote. Mabula alichonga ya kwake kweli. Anasema imepinda. Sasa anaenda Litapunga mara mbili kwa mwaka bila kuitwa, na watoto wake wanashika ngazi.

Nyie mliofiwa na wazazi, kuna kitu mmekiacha vile vile mpaka leo, hakuna anayethubutu kukisogeza? Kiandikeni hapa, nitasoma wote, huku kumeshaanza kuwa na giza na muda ninao.

Mafundi wa solar nao karibuni mnikosoe. Matusi tu ndiyo sitaki, simu ya mama yangu ina chaji siku hizi, asije akayasoma.