Jinsi Tulivyoigawa Kata ya Ilambule

Siku niliyoripoti kazini nilikuwa nimevaa viatu vya dada yangu, na vilinibana kuanzia stendi hadi mlango wa ofisi ya wilaya. Wilaya yenyewe sitaitaja. Wazee wenzangu wa Singida wataijua. Nilikuwa binti wa Ihanja, mtoto wa wakulima wa uwele na mtama, nina cheti kipya cha uchoraji ramani na barua ya ajira niliyoikunja mara nne. Cheo changu kiliitwa Msaidizi wa Mipango. Mnyaturu wa kike kushika kalamu ya ramani lilikuwa jambo la watu kuja kuchungulia dirishani, na walichungulia kweli.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Afisa Mipango wa Wilaya, Mnyiramba mmoja mpole wa Kaunda suti ya kijivu. Tulimwita Bwana Mipango, kama mnavyosema Bwana Shamba au Bwana Afya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unaweza kunakili ramani?"

"Ninaweza, mzee."

"Basi nakili hii kabla mchwa hawajaimaliza."

Akanitandikia mezani ramani ya wilaya nzima. Mchwa walikuwa wameanza kula upande wa magharibi, na mbele ya kijiji cha Mitundu palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Nikamwuliza pale palikuwa na nini.

"Kata ya Ilambule," akasema. "Kijiji kimoja cha makao makuu, pana zahanati. Kwingine kote ni vichaka. Andika pori."

Nikaandika PORI kwa herufi kubwa zilizonyooka, nikaegemea nyuma kuutazama mwandiko wangu. Niliridhika nao sana.

Ngoja niwaeleze ninyi ambao mmekuta kila kitu kimo kwenye simu. Nchi yetu imegawanywa mikoa, mkoa una wilaya, wilaya ina tarafa, tarafa ina kata, kata ina vijiji, na kijiji kina vitongoji. Ukilisikia jina "kata" unadhani kata zote zimetoka kwenye kibao kimoja cha kufyatulia matofali. Hapana. Ni kama maboga ya shina moja: hili la kukumbatia, lile la kushika kwa kiganja. Shangazi yangu aliolewa Mungaa, na mlangoni kwake ulisikia jogoo wa jirani, na wa jirani yake, na wa yule wa tatu. Katibu Kata wa kule, ambaye baadaye cheo chake kilikuja kuwa Mtendaji wa Kata, aliweza kuizunguka kata yake asubuhi na kurudi kula ugali wa mchana nyumbani. Kule Ilambule, Katibu Kata alifunga chakula kwenye baiskeli, akamuaga mke wake kama msafiri. Lakini kwenye orodha za wilaya Ilambule ilikuwa mstari mmoja, na kata ya jirani, ndogo mara nyingi kuliko hiyo, nayo ilikuwa mstari mmoja.

Niliwahi kumwambia Bwana Mipango kwamba hili halikuniingia akilini. Akacheka. "Binti, kata ni kata. Serikali haipimi kwa rula yako."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka ya mwanzo. Kikija kitu, kila kata ilipata sawa: mabati sawa, madaftari sawa, boksi la dawa moja moja. Iliitwa haki.

Kisha ikaingia miaka ya ruksa, Serikali ilipofungulia watu biashara. Maduka ya vijiji yaliyokuwa na sabuni ya foleni yakafa, yakaota maduka ya watu binafsi. Malori ya wanunuzi wa alizeti na asali yakaanza kupita njia ambazo zamani zilipita nyuki tu. Wafugaji wakateremka na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakaingia vichakani kutafuta malisho, wakafyeka, wakalima, wakaoa na kuoza. Watu walihama upesi kuliko kalamu yangu. Mimi niliendelea kunakili ramani ile ile, na kila nilipofika mbele ya Mitundu niliandika neno lile lile.

Ruksa ilikuja na jambo jingine. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na kila asubuhi tuliangalia ubao wa matangazo kwa jicho moja. Bwana Mipango wa kwanza akastaafu. Aliyekuja alikuwa kijana msomi, mkali, mchapakazi. Alitembea na kikokotoo mfuko wa shati. Alinipenda kwa kuwa sikuchelewa kazini.

Siku moja akaniita. "Utaratibu wa kila kata sawa umekwisha," akasema. "Kuanzia sasa ni watu. Penye watu wengi huduma nyingi, penye wachache huduma chache. Kata zenye watu kiduchu tutaziunganisha na jirani. Ilambule tunaifuta. Tabibu wake ahamie zahanati ya kata jirani, ile ya barabarani."

"Ilambule ni kubwa mno, Bwana Mipango."

"Kubwa ya nini? Ya miti?" Akageuka ukutani, akaweka kidole kwenye ramani. "Si umeandika mwenyewe hapa? Pori."

Nilitazama kidole chake juu ya mwandiko wangu. Neno lile sikuliandika kwa kuona. Niliandika kwa kuambiwa, mahali palipoliwa na mchwa, na sasa limekuwa ushahidi.

Nikaomba wiki moja niende kuhakiki. Akaninyima. Nikaomba likizo yangu ya mwaka. Akanitazama, akaisaini, akasema, "Likizo ya watu wenye akili ni kwenda kwao."

Sikwenda kwetu. Nilipanda lori la wafanyabiashara wa asali hadi Mitundu, na pale nikampata Katibu Tarafa, mzee aliyesimamia kata zote za upande ule, Mgogo mrefu mwenye baiskeli iliyofungwa kamba kila mahali. Nilipomweleza ninachokitafuta, akaanza kuzikaza kamba zile.

"Nimeandika barua wilayani mara nyingi," akasema. "Hakuna aliyekuja. Twende, mwanangu."

Tulifika makao makuu ya Ilambule, tukalala, na asubuhi tukashika njia ya ng'ombe kuelekea magharibi. Vichaka vya kule si msitu wa kusimama ukatazama juu. Ni miti mifupi iliyoshikana mikono, na njia ni upana wa mtu na mzigo wake. Jua lilikuwa limeanza kuuma tuliposikia watu mbele yetu. Wakatokea wanaume sita, wamebeba kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye miti miwili. Juu yake alikuwa mwanamke kijana, amefunikwa shuka, na mkono wake mmoja umeshika ukingo wa kitanda mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Mnatoka wapi, baba?" Katibu Tarafa akauliza.

"Nkolongo," akajibu aliyekuwa mbele. Jina lake Masanja, na aliyebebwa alikuwa mke wake, Kabula. "Uchungu ulianza juzi. Mtoto amekaa vibaya. Tumetoka jana asubuhi."

"Nkolongo ni kata gani?" nikauliza, na aibu ilinishika nilipolisikia swali langu mwenyewe.

"Ni hii hii ya Ilambule, mama. Tuko wengi kule, kaya kwa kaya. Ila hakuna anayetujua."

Katibu Tarafa akaiegemeza baiskeli yake kwenye kichaka, akaweka bega kwenye mti wa nyuma, palipokuwa na mzee aliyekwisha choka. Mimi nilitembea kando ya kitanda, nikimkinga Kabula na miiba kwa kanga yangu. Alinikamata kiganja. Hakupiga kelele. Kila maumivu yalipompata alikibana kiganja changu, nami nikawa najua bila kuuliza.

Njiani nilifanya kazi niliyosomea. Kila tulipotua kitanda nilitoa daftari, nikaandika jua liko wapi, tumevuka korongo gani, watu wamebadilishana bega mara ngapi. Masanja akaniona.

"Unaandika nini, mama?"

"Naandika mwendo wenu."

"Andika vizuri," akasema. "Andika na mdogo wangu. Mwaka jana tulimbeba hivi hivi. Hatukufika."

Sisi tulifika. Tabibu alitoka mbio, akatutoa wote nje isipokuwa mimi, kwa kuwa Kabula hakukiachia kiganja changu. Mtoto alizaliwa wa kike, wa buluu kwanza, kisha akalia. Mama alipoteza damu nyingi, lakini aliishi. Tabibu alipokuwa ananawa mikono aliniambia, "Wangechelewa mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mengine."

Nilikaa kwenye benchi la zahanati, nikahesabu. Kutoka Nkolongo hadi pale ilikuwa safari ya siku na zaidi. Kutoka pale hadi zahanati ya barabarani, alikotakiwa tabibu ahamie, ilikuwa siku nyingine nzima. Nikabaki wiki ile, mimi na Katibu Tarafa, tukaenda mpaka Nkolongo yenyewe, na vitongoji vingine viwili ambavyo sikuwahi kuvisikia. Nilihesabu nyumba kwa kuziona. Nilikunywa maziwa ya kila boma.

Nilirudi na daftari. Bwana Mipango akalifunua, akalifunga. "Hizi ni hadithi," akasema. "Kesho kikao kinapitisha orodha. Na nikushauri kama dada yangu: watumishi wanapunguzwa. Ukisema ramani zako zina makosa, unajitaja jina."

Hakusema uongo. Usiku sikuwa na usingizi wa maana, na sitajifanya shujaa mbele yenu. Nilikuwa na wadogo zangu wawili shuleni.

Kikaoni alikaa Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya, mtu wa maneno machache, na wakuu wote wa idara. Bwana Mipango akasoma orodha, akafika Ilambule, akasema, "Eneo kubwa ni pori, kama ramani inavyoonyesha." Mkurugenzi akainua macho.

"Nani kati yenu amefika huko?"

Watu wakatazama karatasi zao. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, kazi yangu kubandika ramani. Nikasimama.

"Mimi nimefika, Mheshimiwa. Na neno pori nililiandika mimi, kabla sijafika. Si kweli."

Nikawaeleza kitanda cha kamba, mabega, makorongo, Kabula na mtoto wake, na mdogo wake Masanja ambaye hakufika. Kisha nikasema maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima. "Tukigawa kwa kata, Mungaa na Ilambule zinakuwa sawa, wakati moja unaizunguka kabla ya chakula cha mchana. Tukigawa kwa vichwa, wanaokaa mbali wanaonekana wachache, tunawaongezea umbali. Naomba tuhesabu na mwendo. Mgonjwa anatembea muda gani kufika kwa tabibu."

Mkurugenzi akamgeukia Bwana Mipango. "Wewe unasemaje?"

Hapa nitamtendea haki, kwa sababu amekwisha tangulia mbele ya haki. Angeweza kunimaliza. Alitoa kikokotoo mfukoni, akakiweka mezani kama mtu anayetua mzigo. "Mheshimiwa," akasema, "sijafika. Naomba Ilambule itoke kwenye orodha mpaka nifike."

Akaenda. Nilimpeleka mwenyewe, na alirudi ameungua jua na miiba imemchana mikono. Wiki hiyo hiyo alianza kuandika pendekezo si la kuifuta Ilambule, bali la kuigawa iwe kata mbili, na Nkolongo iwe makao makuu ya kata mpya.

Kugawa kata si kukata mkate. Pendekezo linaanzia mkutano wa kijiji, linapanda kata, wilaya, mkoa, hata wizarani, na kila ngazi ina maswali yake. Ilichukua miaka. Mpaka wa kwanza niliuchora kwenye korongo moja, kwa kuwa korongo hupendeza kwenye ramani, na wazee wakaniita.

"Bibi Ramani," wakasema, maana ndilo jina walilonipa, "umetuweka huku na kisima chetu umekiweka kule."

Nilikwenda, nikakiona kisima, nikafuta. Nilifuta mara tatu. Kuanzia Ilambule sikuwahi tena kuchora mpaka ambao sikuutembea, na wasaidizi wote waliopita chini yangu niliwafundisha hivyo. Wengine walininung'unikia kwa malengelenge. Leo wawili ni maafisa mipango wa wilaya.

Nimestaafu nikiwa Afisa Mipango wa Wilaya, kiti kile kile cha mzee wa Kaunda suti. Nimeuona mkoa wetu ukizaa wilaya mpya. Ikungi kwetu na Mkalama zimesimama zenyewe. Bado kata si sawa, na hazitakuwa sawa, kwa kuwa watu hukaa penye maji na udongo, hawakai kwa ajili ya kupendeza orodha. Kazi ya mtumishi ni kujua tofauti hiyo na kuifanyia mahesabu yanayomfaa aliye mbali. Kazi hiyo niliifanya, na sioni haya kujisifu.

Siku ya kuniaga, ukumbi wa halmashauri ulijaa. Mshereheshaji akatangaza, "Sasa tunamwita mwakilishi wa Ilambule." Wakasimama watu wawili. Mtendaji wa Ilambule alianza kutembea mbele, na Mtendaji wa Nkolongo, dada mmoja mwembamba, akamwahi katikati ya ukumbi.

"Kaka, wewe unawakilisha nani?"

"Ilambule. Sisi ndio kata mama."

"Mama ni wenu. Sisi tuna kata yetu, tuna ofisi yetu, tuna zahanati yetu, na salamu zetu tutazitoa wenyewe."

Ukumbi ukapiga makofi, nusu kwa huyu, nusu kwa yule. Mshereheshaji akanitazama niamue. Nilikataa kuamua. Niliketi na shada langu la maua mapajani, nikawaacha wabishane, nikicheka mpaka machozi yakanitoka.