Baba Mkwe na Mashine ya Kukaushia Nepi

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, hapa hapa Mtoni, nilitoka chumbani nimevaa singlendi na msuli, nepi mbichi zimenijaa mabegani, nikakutana uso kwa uso na baba mkwe. Nilirudi ndani mbio. Nilipotoka tena nilikuwa nimefunga vifungo vya shati mpaka shingoni kama mtu anayekwenda kuposa upya, na nepi bado zinanichuruzika maji mgongoni.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu jana nimewasikia wewe na mkeo. Sikuwa napeleleza, ila ujirani ni ujirani: kuta zenu nyembamba, sauti zenu nene. Wewe wasema mashine ya kukaushia nguo itengenezwe, mwenzio asema itolewe inunuliwe nyingine, mkabishana mpaka mkafika kwenye ukoo wa kila mmoja. Ukoo unaingiaje kwenye mashine, sijui. Basi kaa hapo nikusimulie ya kwetu.

Mimi na Mwanaidi tulikuwa bado wageni wa ndoa, Mungu akatupa mapacha, tena karibu na mvua. Nepi zilitanda kwenye viti, madirishani, mpaka juu ya redio. Mashine tulikuwa nayo, ya mtumba, iliyoshushwa na meli kutoka huko kwa watu wa baridi. Ikatufaa, halafu siku moja ikaacha kutoa joto. Ikawa inazungusha tu, nguo zinatoka mbichi vile vile ila zimechoka. Fundi wa mtaani akaifungua, akasema hita imeungua na ya kuweka mahali pake haipatikani, bora tununue nyingine. Tukakubaliana bila ugomvi. Kisha Mwanaidi akamtajia baba yake kwenye simu.

Baba yake, Mzee Kibwana, alikuwa fundi wa injini za boti kule Kunduchi, mzee mpole mwenye mikono mikubwa, aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia. Akasema vijana wa siku hizi wepesi wa kutupa vitu; mashine isiguswe, anakuja mwenyewe.

Sasa wewe niambie, nani wa kumkatalia baba mkwe? Kwetu pwani, mkwe ukimwona unainamisha macho, unapunguza sauti, unapokea mzigo wake. Akisema jiwe hili ni andazi, unauliza kama kuna chai. Akaja, akatandika mkeka kibarazani, akaifungua mashine, akavipanga vyuma vyake vyote kwa safu, akaviangalia mpaka adhuhuri. Akaenda kuswali, akarudi, akala wali wa nazi, akaviangalia tena mpaka alasiri. Akasema atarudi Jumamosi.

Alirudi. Kila Jumamosi alivuka mji mzima kutoka Kunduchi, spana zake ndani ya kikapu kimoja na samaki wa zawadi. Siku moja mashine ilipata uvuguvugu, tukashangilia, tukatia nepi. Zilitoka hazijakauka, ila zinanuka samaki. Paka wa jirani akahamia kwetu, akawa halali ila karibu na mapacha.

Usiku nikamwambia Mwanaidi, mwambie baba yako aache. Akanijibu kwamba mwanamume wa nyumba ni mimi, nikamwambie mkwe wangu. Tukawa tunatupiana mzigo huo wiki baada ya wiki, na watoto wametoka vipele kwa unyevu. Hapo ndipo nikaona liwalo na liwe. Nikaenda dukani, nikachagua mashine mpya, nikawasihi wailete Jumatatu, mzee akiwa kwake.

Wakaileta Jumamosi.

Pikapu ikapiga honi getini, mzee yuko mkekani, matumbo ya mashine yametapakaa mbele yake. Nilitamani niingie ndani ya lile pipa la nguo nizunguke humo. Lakini Mzee Kibwana akainuka, akasogeza vyuma vyake, akawashikia mlango wapagazi wapitishe boksi. Akaliangalia kwa adabu, mikono nyuma.

Akauliza, "Hii ina waranti?"

"Ndiyo, baba. Mwaka mzima."

"Mwaka mzima," akarudia, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Akakaa, akaanza kupangusa spana moja moja na kuzirudisha kikapuni. Nikaanza kueleza mambo ya vipele na mvua. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Ile nyingine ilikufa zamani, mkwe. Mie niliijua siku ya pili tu." Akaitia spana nyingine kikapuni. "Ila sasa mie nitakuwa nakuja kwa sababu gani?"

Mwanangu, nyuma ya pazia nilimsikia Mwanaidi analia. Mzee mwenye heshima zake haendi kushinda kwa mkwewe kila wiki hivi hivi; watu watasema amefuata wali, au amekwenda kumtawala binti kwenye nyumba ya mwenzie. Na kule Kunduchi nyumba ilikuwa kimya tangu mama mkwe aondoke. Niliona aibu, na nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Nikamwambia, "Baba, hii mpya hatuiamini. Tunaomba ile ya zamani uendelee nayo, isije hii ikatuaibisha."

Akanitazama sana. Akazitoa spana kikapuni.

Basi mpya ikakausha nepi ndani, ya zamani ikabaki kibarazani, na Jumamosi zikaendelea. Mapacha walijifunza kutambaa juu ya ule mkeka, na mmoja alimeza skrubu, ikatoka salama. Miaka ikapita, mzee akadhoofika, hakuweza tena kuvuka mji. Tukaipakia ile mashine mbovu kwenye pikapu tukampelekea Kunduchi, tukawa kila Jumamosi tunakwenda sisi na watoto kumuuliza imefikia wapi. Mpaka anafariki alikuwa anasema bado kidogo.

Kwa hiyo, mwanangu, ya kwako ni nyepesi. Ikiwa kifaa kinapatikana na fundi ni wa kuaminika, tengeneza. Ikiwa inaharibika kila ukigeuka, nunua nyingine, wala msitukaniane koo. Ila kabla hujaitoa nje, tazama nani amezoea kuijia. Na kama hakuna anayekuja, basi mtafutieni mzee wenu mmoja sababu ya kuja. Si lazima iwe mashine.

Nenda sasa, mkeo anakusubiri. Mungu awape nguo kavu wakati wa mvua, watoto wasiomeza skrubu, na wazee wa kuwapigia hodi siku zote za maisha yenu.